Neno kama Kipimo: Uhakiki wa Tafiti za Kompyuta na Teknolojia ya Elimu Zinazohusu Kiswahili

Ikisiri

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha za Kiafrika zinazotajwa mara nyingi katika tafiti za kompyuta na teknolojia ya elimu. Makala hii inahakiki dhana moja inayozibeba tafiti hizo ambayo kwa kawaida haielezwi wala kutetewa: kwamba neno, kama linavyoandikwa baina ya nafasi mbili, ni kizio kinachofaa kupimia lugha yoyote. Uhakiki unajikita katika maeneo matatu, yaani ukataji wa tokeni katika modeli za lugha, tathmini ya tafsiri ya kompyuta, na upimaji wa ufasaha wa kusoma kwa watoto. Kwa mifano ya Kiswahili sanifu, makala inaonesha kuwa kizio hicho hupotosha matokeo kwa namna inayotabirika, na kwamba hasara yake humfikia mtumiaji na mtoto anayejifunza kusoma. Inahitimishwa kwamba marekebisho yanawezekana bila gharama kubwa, na kwamba sehemu ya wajibu huo ni ya wanaisimu wa Kiswahili wenyewe.

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa Kiswahili na kompyuta una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Baada ya Koskenniemi (1983) kuasisi modeli ya mofolojia ya ngazi mbili kwa kuzingatia lugha ya Kifini, Hurskainen (1992) aliitumia modeli hiyo kuchanganua maumbo ya Kiswahili, na kazi hiyo ikazaa mfumo wa SWATWOL na baadaye SALAMA katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Chuo hichohicho kilikusanya koopasi ya Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Katika awamu hiyo, mtafiti alilazimika kuijua sarufi kabla ya kuandika programu, kwa kuwa programu yenyewe ilikuwa sarufi iliyoandikwa kwa kanuni.

Awamu ya pili imekuja kwa kasi na kwa mtazamo tofauti. Mtandao wa watafiti wa Masakhane ulionesha mwaka 2020 kwamba tafsiri ya kompyuta kwa lugha za Kiafrika inaweza kujengwa kwa ushiriki wa wazungumzaji wenyewe (Nekoto na wenzake, 2020). Mwaka uliofuata, Adelani na wenzake (2021) walichapisha data za utambuzi wa majina katika lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa modeli ya kutafsiri baina ya lugha zaidi ya 200. Katika uwanja wa elimu, shindano la Global Learning XPRIZE, ambalo washindi wake walitangazwa mwaka 2019, lilijaribu programu za kufundishia kusoma Kiswahili kwa watoto wa mkoa wa Tanga. Katika awamu hii sarufi haiandikwi tena; mashine huachiwa data ijifunze yenyewe, na kazi ya mtafiti huwa kupima matokeo.

Hapo ndipo hoja ya makala hii inapoanzia. Iwapo kazi kuu ya mtafiti sasa ni kupima, basi kipimo chenyewe kinastahili kuhakikiwa kwa makini kuliko hapo awali. Uhakiki huu haubezi juhudi zilizotajwa. Baadhi yake zimefanya katika miaka michache mambo ambayo idara za Kiswahili hazikuyafanya kwa miongo kadhaa. Kinachohojiwa ni kizio kilichopokewa bila mjadala.

2.0 Neno ni Nini katika Kiswahili?

Swali hili si geni kwa wanamofolojia. Tangu Matthews (1974), ni kawaida kutofautisha neno kama umbo la kifonolojia au kiothografia, neno kama umbo la kisarufi, na neno kama leksimu, yaani kidahizo kinachowakilisha maumbo yote yanayohusiana. Umbo "anasoma" na umbo "tulisomeana" ni maneno mawili ya kiothografia. Mwanaleksikografia atayahusisha yote na kidahizo "soma", ingawa atabishana na wenzake iwapo "somea" na "someana" vinastahili vidahizo vyake.

Katika lugha za Kibantu, mpaka wa neno la kiothografia ni zao la uamuzi wa kihistoria kama ulivyo uamuzi wa kiisimu. Doke alitetea kwa nguvu uandishi wa kuunganisha kwa kigezo cha mkazo: kila kundi la silabi lenye mkazo mkuu mmoja ni neno moja. Kizulu kilifuata njia hiyo, huku lugha za kundi la Kisotho zikiandikwa kwa kutenganisha. Matokeo yake, kile ambacho Mzulu anakiandika "ngiyakuthanda", yaani "ninakupenda", msemaji wa Kisotho cha Kaskazini anakiandika "ke a go rata". Muundo wa kisarufi unakaribiana sana, lakini lugha moja imeandika neno moja na nyingine maneno manne. Mtu anayehesabu nafasi kwenye karatasi atadai kwamba Kisotho kina maneno mengi zaidi, wakati kilichozidi ni nafasi tu.

Kiswahili kimeshika njia ya kati. Viambishi vya kitenzi huunganishwa, lakini kihusishi cha a-unganifu huandikwa peke yake: "kitabu cha mtoto" ni maneno matatu, ilhali kwa kigezo cha mkazo "cha mtoto" ni umbo moja. Aidha, lugha inaruhusu maudhui yaleyale kubebwa na idadi tofauti ya maneno. "Asomaye", "anayesoma" na "ambaye anasoma" hutofautiana kimtindo na kidogo kisarufi, lakini mbili za mwanzo ni neno mojamoja na ya tatu ni maneno mawili. Kwa hiyo, hata ndani ya Kiswahili kwenyewe, idadi ya maneno haipimi kiasi cha taarifa, wala kiasi cha kazi anayoifanya msomaji. Jambo hili linajulikana kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu. Tatizo ni kwamba halijafika mahali vipimo vinapoundwa.

3.0 Neno Ndani ya Mashine: Ukataji wa Tokeni

Modeli za sasa za lugha hazisomi maneno mazima. Husoma tokeni, yaani vipande vya maandishi vilivyopatikana kwa hesabu. Njia iliyoenea ni usimbaji wa jozi za baiti, ambao Gage aliuasisi mwaka 1994 kwa ajili ya kubana data, na ambao Sennrich na wenzake (2016) waliuingiza katika tafsiri ya kompyuta. Mashine huanza na herufi mojamoja, hutafuta jozi ya alama zinazofuatana mara nyingi zaidi katika data, huziunganisha kuwa alama moja, kisha hurudia hadi msamiati ufikie ukubwa uliopangwa.

Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, njia hii ilikuwa hatua njema. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huweza kuzalisha maumbo mengi mno, na mengi kati yake hayatokei hata mara moja katika koopasi. Mfumo unaotambua maneno mazima tu ungeyaona maumbo hayo kama maneno mageni. Mfumo wa tokeni una namna ya kuyakabili. Sifa hiyo lazima ikubaliwe kabla ya kasoro kutajwa.

Kasoro yenyewe ni kwamba mahali pa kukata huamuliwa na marudio, ilhali lugha hukatika kwenye mipaka ya mofimu. Mara nyingine mambo haya mawili hukutana: kiambishi "wa-" au "-li-" hurudiwa mno, na mashine inaweza kukigundua. Mara nyingine huachana. Umbo "anapendelewa" lina mofimu a-na-pend-ele-w-a. Kwa kuwa "elewa" ni kitenzi cha kawaida chenye marudio mengi, mkato wa ana-pend-elewa unawezekana kabisa, na hapo kauli ya kutendea na kauli ya kutendwa zimemezwa na kitenzi kisichohusika. Vivyo hivyo, "kitabu" na "vitabu" hukatika vizuri kuwa ki-tabu na vi-tabu, lakini kipande kinachobaki kina sura moja na "tabu", nomino yenye maana ya shida. Mwanaisimu huona mashina mawili yenye umbo moja. Mashine huona kipande kimoja, na hutegemea muktadha kukitofautisha.

Athari huongezeka pale modeli inapofunzwa kwa lugha nyingi ambazo data zake hazilingani. Jozi zinazounganishwa mapema ni zile zinazorudiwa katika lugha zenye data nyingi. Kiswahili huishia kukatwa kwa visu vilivyonolewa kwa ajili ya lugha nyingine. Petrov na wenzake (2023) walionesha kuwa matini yenye maudhui yaleyale inaweza kuhitaji tokeni nyingi hadi mara 15 katika baadhi ya lugha. Kiswahili, kwa kuwa kinaandikwa kwa hati ya Kirumi, hakimo katika kundi lililoathirika zaidi. Hata hivyo, huduma nyingi za kibiashara hutoza kwa tokeni na huweka ukomo wa matini kwa tokeni. Mtu anayeuliza swali kwa Kiswahili huweza kulipa zaidi na kupewa nafasi ndogo zaidi kwa swali lilelile. Uamuzi ulioonekana kuwa wa kiufundi tu umegeuka kuwa bei.

Haifai hapa kuitukuza njia ya kanuni kupita kiasi. SALAMA ilihitaji miaka mingi ya kazi, na mfumo wa kanuni huyumba mbele ya Sheng, ujumbe mfupi wa simu na makosa ya tahajia. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja ambayo mifumo mipya haina: ulipokosea, mtu aliweza kuitafuta kanuni iliyokosea na kuisahihisha.

4.0 Neno katika Tathmini ya Tafsiri

Kipimo kinachojulikana zaidi katika tafsiri ya kompyuta ni BLEU (Papineni na wenzake, 2002). Hulinganisha tafsiri ya mashine na tafsiri rejea ya binadamu kwa kuhesabu maneno yanayofanana, kisha mifuatano ya maneno mawili, matatu na manne. Tuseme tafsiri rejea ni (1), na mashine mbili zimetoa (2) na (3):

(1) Watoto hawakutuona sokoni jana.
(2) Watoto hatukuwaona sokoni jana.
(3) Watoto hawakutuona gulioni jana.

Sentensi (3) imebadilisha "sokoni" kwa neno lenye maana ya karibu. Sentensi (2) imegeuza mtenda kuwa mtendwa: wasioona si watoto tena, ni wasemaji. Kwa mwalimu yeyote wa tafsiri, (3) inakubalika na (2) ni kosa kubwa. Kwa BLEU, zote mbili zina maneno matatu kati ya manne yanayolingana na rejea, jozi moja kati ya tatu, na hakuna mfuatano wa maneno matatu unaolingana. Zinapata alama ileile. Mtenda, njeo, ukanushi na mtendwa vimefungwa ndani ya neno moja, na kipimo hakina macho ya kutazama ndani ya neno.

Watafiti wenyewe waliuona udhaifu huu, na Popović (2015) alipendekeza chrF, kipimo kinacholinganisha mifuatano ya herufi badala ya maneno. Kwa lugha zenye mofolojia tajiri haya ni maendeleo, na tafiti nyingi za lugha za Kiafrika sasa hutoa alama zote mbili. Lakini herufi nazo si mofimu. "Hawakutuona" na "hatukuwaona" zina herufi zilezile 11, zilizopangwa tofauti tu. Katika mfano huo chrF itaipa (3) alama ya juu kuliko (2), kwa kuwa kitenzi ni kirefu kuliko kielezi na mpangilio wake uliovurugika hugusa mifuatano mingi zaidi. Jibu ni sahihi, lakini sababu yake haina uhusiano na kosa lenyewe. Udhaifu hudhihirika katika mfano mfupi zaidi. Rejea ikiwa "Atakuja kesho", tafsiri "Hatakuja kesho" inatofautiana nayo kwa herufi moja na kupata alama ya juu sana, ilhali "Atafika kesho", inayobeba takriban ujumbe uleule, hupoteza alama zaidi. Katika ratiba ya daktari wa zamu au ya boti, herufi hiyo moja ndiyo ujumbe wote.

Kuna jambo la pili linalohusu matini za rejea. Data za FLORES, zinazotumiwa sana kutathmini tafsiri ya lugha nyingi, zilitokana na sentensi za Kiingereza kutoka Wikinews, Wikijunior na Wikivoyage, zikatafsiriwa katika lugha nyingine. Utaratibu huu una faida ya kulinganisha lugha zote kwa maudhui yaleyale. Hasara yake ni kwamba Kiswahili kinachopimwa ni Kiswahili cha tafsiri. Miundo ambayo mtafsiri huielekea anapofuata Kiingereza, kama vile "ambaye anasoma" badala ya "asomaye", ndiyo inayogeuka kuwa kawaida ya kupimia. Mashine inayoandika Kiswahili kilichokaa karibu na Kiingereza huzawadiwa, na ile inayoandika Kiswahili cha mwandishi mzoefu huweza kuadhibiwa. Baada ya miaka kadhaa ya mashine kufunzwa kwa matokeo ya mashine nyingine, haitakuwa rahisi kujua kawaida hiyo ilitoka wapi.

5.0 Neno Kinywani mwa Mtoto

Eneo la tatu ndilo linalogusa watu wengi zaidi, na pia ndilo lisilojadiliwa sana na wanaisimu. Shindano la Global Learning XPRIZE lilikuwa na zawadi ya jumla ya dola za Marekani milioni 15. Timu tano zilizofika fainali zilitengeneza programu za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu, zikawekwa kwenye vishikwambi na kutumiwa na karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga kwa miezi 15. Zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa baina ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, na programu za timu zote tano zilitolewa kwa umma. Kwa mujibu wa taarifa ya waandaaji, kabla ya jaribio asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni mwa jaribio idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Hayo ni mafanikio, na mtu aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma hatayadharau. Lakini mhakiki wa lugha anapaswa kuuliza: neno gani? "Paka" ni neno moja. "Walimkimbilia" ni neno moja pia. Kauli kwamba mtoto ameweza au hakuweza kusoma "neno moja" ina maana pale tu urefu na muundo wa neno hilo unapoelezwa.

Swali hilo ni zito zaidi katika kipimo cha EGRA, ambacho kilianza kuandaliwa mwaka 2006 na taasisi ya RTI ya Marekani, kikatumika katika nchi nyingi, na ndicho kilichokuwa msingi wa kutathmini kusoma katika shindano hilo. Sehemu yake inayonukuliwa zaidi na watunga sera ni ufasaha wa kusoma kwa sauti, unaoelezwa kwa idadi ya maneno sahihi kwa dakika. Zitazamwe sentensi mbili:

(4) Juma ana paka wa rangi ya kaki.
(5) Walipomwona walimkimbilia.

Sentensi (4) ina maneno saba, na (5) ina maneno mawili. Kila moja ina silabi 12. Mtoto anayesoma silabi 60 kwa dakika, akipewa kifungu chenye sentensi za aina ya (4), atahesabiwa kuwa amesoma maneno 35 kwa dakika. Mtoto huyohuyo, siku hiyohiyo, akipewa kifungu chenye sentensi za aina ya (5), atahesabiwa kuwa amesoma maneno 10. Vifungu halisi vya majaribio huchanganya aina zote mbili, kwa hiyo tofauti haitakuwa kubwa kiasi hicho. Hata hivyo, mfano unaonesha kwamba sehemu ya alama ya mtoto ni sifa ya kifungu alichopewa. Iwapo kifungu cha mwanzo wa mradi na cha mwisho wa mradi havikusawazishwa kwa urefu wa maneno, maendeleo yanayoripotiwa yanaweza kuongezeka au kupungua kwa sababu isiyohusiana na mtoto wala programu.

Ulinganisho wa Kiswahili na Kiingereza ni wa hatari zaidi. Mtoto wa Kitanzania anayesoma maneno machache kwa dakika kuliko wa nchi nyingine huenda anasoma silabi nyingi kuliko yeye. Mwalimu anayeambiwa kuwa darasa lake liko nyuma ya kiwango cha kimataifa ana haki ya kuuliza kiwango hicho kilipimwa kwa rula gani.

Upo pia mtihani mdogo wa maneno ya kubuni, unaokusudiwa kupima uwezo wa kuunganisha sauti bila msaada wa kumbukumbu. Katika Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa irabu, si rahisi kubuni umbo fupi ambalo si neno mahali fulani. Mtunga mtihani anaweza kuandika "kuba" akidhani amebuni. Mtoto aliyewahi kuona msikiti wenye kuba atalisoma kwa kumbukumbu, na mwenzake atalisoma kwa kuunganisha sauti. Wawili hao hawapimwi kitu kimoja.

Silabi nayo, inayopendekezwa hapa kuwa kizio bora kwa kusoma, haikosi ugumu. Katika "mtu mbaya", herufi ya mwanzo ya kivumishi ni silabi kamili: m-ba-ya. Katika "njia mbaya", herufi hiyohiyo ni sehemu ya silabi ya kwanza: mba-ya. Tahajia ni moja, ngeli ni mbili, na idadi ya silabi ni tofauti. Mhandisi anayetengeneza programu ya kumwongoza mtoto silabi kwa silabi hawezi kulitatua hili kwa kutazama herufi. Anahitaji kujua upatanisho wa kisarufi. Mfano huu mdogo unatosha kuonesha kwa nini mwanaisimu anapaswa kuwapo tangu siku programu inapobuniwa, badala ya kuitwa mwishoni kusahihisha tahajia.

6.0 Hoja za Utetezi

Watetezi wa vipimo vilivyopo wana hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba makosa ya kipimo husawazishwa na wingi: BLEU haikukusudiwa kwa sentensi moja, na katika maelfu ya sentensi mashine bora hupata alama bora. Hoja hii ni sahihi kwa makosa yanayotokea kwa bahati. Makosa yaliyoelezwa hapo juu yana mwelekeo. Daima huficha kosa lililo ndani ya kitenzi na daima hukuza tofauti ya msamiati iliyo nje yake. Wingi hauondoi mwelekeo.

Hoja ya pili ni kwamba modeli kubwa hujifunza mofolojia zenyewe zikipewa data za kutosha, hata kama tokeni zimekatwa vibaya. Huenda ni kweli, na modeli za sasa huandika upatanisho wa ngeli kwa usahihi ambao miaka 10 iliyopita haukutarajiwa. Lakini "data za kutosha" ndicho kitu ambacho lugha nyingi za Kibantu hazina. Iwapo Kiswahili, chenye magazeti, vitabu na redio, kinahitaji kusubiri data, basi Kibondei na Kizigua vilivyo jirani yake hukohuko Tanga vitasubiri zaidi.

Hoja ya tatu ni ya urahisi: neno la kiothografia huhesabika bila ubishi, na kipimo kimoja kwa lugha zote huruhusu ulinganisho. Urahisi ni sifa njema ya kipimo. Hata hivyo, mifano ya Kizulu na Kisotho inaonesha kuwa ulinganisho unaopatikana ni wa mifumo ya tahajia.

7.0 Sehemu ya Wanaisimu

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwaachia wahandisi lawama zote. Haki haiko hivyo. Mhandisi anayetaka kujua mipaka ya mofimu za Kiswahili atakuta vitabu vizuri, kikiwamo Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu cha Kihore, Massamba na Msanjila. Ataikuta Kamusi ya Kiswahili Sanifu katika matoleo ya 1981, 2004 na 2013. Atakuta pia mjadala mrefu kuhusu ngeli, upande mmoja ukizihesabu kwa viambishi vya nomino na upande mwingine ukizipanga kwa upatanisho wa A-WA, LI-YA na kuendelea. Asichokipata kwa urahisi ni orodha ya maumbo yaliyochanganuliwa, iliyokubaliwa, iliyo wazi kwa umma na inayosomeka kwa mashine. Maarifa yako kwenye karatasi, kwa mtindo unaomfaa mtahiniwa.

Aidha, tafiti nyingi zinazohusu Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza pekee, na istilahi zake hazijapata mjadala mpana miongoni mwa wataalamu wa Kiswahili. Makala hii imetumia "tokeni" na "usimbaji wa jozi za baiti" kwa kuwa hakuna istilahi zilizozoeleka. Maadamu mjadala hauwezi kuendeshwa kwa Kiswahili, mwalimu wa darasa la kwanza aliyekuwa na mashaka kuhusu kishikwambi na mtihani wa dakika moja hana jukwaa la kuyasemea.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa neno la kiothografia, likitumiwa kama kipimo cha lugha yenye muundo wa Kiswahili, huficha makosa ya tafsiri, huathiri gharama za matumizi na huweza kupotosha alama za watoto. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, tathmini za kusoma zitoe idadi ya silabi kwa dakika pamoja na idadi ya maneno, na vifungu vya majaribio vitangazwe pamoja na wastani wa urefu wa maneno yake. Hili halihitaji fedha. Linahitaji safu moja zaidi katika jedwali. Pili, tafsiri ya kompyuta ipimwe pia kwa jozi za sentensi zinazotofautiana kwa mofimu moja, kama "atakuja" na "hatakuja", na kwa matini zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Jozi 1,000 za aina hiyo zinaweza kuandaliwa na darasa moja la mofolojia katika muhula mmoja. Tatu, idara za Kiswahili zitoe kwa umma data za maumbo zilizochanganuliwa, hata kama mjadala wa ngeli haujaisha. Uchanganuzi unaoweza kusahihishwa ni bora kuliko ukimya.

Hadi hapo, kila taarifa inayodai kwamba mtoto fulani anasoma maneno 10 kwa dakika inapaswa kusomwa pamoja na kifungu alichopewa. Huenda mtoto huyo alikuwa akipambana na "walipomwona" na "walimkimbilia", na huenda alizisoma zote bila kosa.